Manati ya Masereka

Kasereka alinipigia simu asubuhi, nikiwa dukani napangusa vumbi kwenye minyororo ya pikipiki, akasema maneno manne tu: "Mama wa Beni amekufa." Hakuniuliza kama nitakwenda. Sisi wawili tulikuwa hatujaongea kwa miaka, ingawa duka langu na famasi yake ziko mji mmoja, hapa Butembo, na mara kwa mara tunapishana mlangoni mwa kanisa kila mtu akiangalia viatu vyake. Si kwamba tuligombana. Tunajuana mno, basi. Nilifunga duka, nikatafuta pikipiki ya kunishusha Beni, na njia nzima, huku kijana wa pikipiki akinipigia stori za bei ya kakao na za vizuizi vya askari, mimi nilikuwa mbali, ndani ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na sita na vita ikiwa imetukalia mjini kama mgeni asiyeaga. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawakunijua mimi. Yangu imepita miaka ishirini na mitano, na bado naitembea.

Kwetu Wanande jina halitafutwi sana, linangoja zamu yake. Mvulana wa pili kuzaliwa ni Kambale, wa tatu ni Kasereka, na hata ukienda nyumba ya jirani utakuta hao hao. Mimi ni Kambale. Mwaka ule, kwenye kampi ya vijana wa parokia, kulikuwa na Kambale mwingine, mtoto wa Mama Kahindo wa Beni, na ili tusichanganywe yeye aliitwa Kambale wa Beni. Tulikuwa vijana ishirini chini ya kiongozi wetu, Chef Katembo, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba mwenye filimbi shingoni. Alitupandisha kwenye kilima kimoja juu ya Masereka likizo kubwa ilipoanza, kwa sababu mjini askari walikuwa wanaokota vijana barabarani kuwabebesha mizigo. Askari wa nani? Usiniulize. Mwaka ule walikuja hawa, wakaondoka, wakaja wengine, na kila waliokuja walisema wamekuja kutulinda. "Kule juu hakuna mutu atawasumbua," Chef aliwaambia wazazi wetu, na wazazi wakamshukuru, wengine wakampa hata kuku. Kila asubuhi alisoma orodha ya majina, na kwa kuwa alikuwa mtu wa haraka, jina la Kambale aliliita mara moja tu. Kambale wa Beni alijibu kwa ajili yetu wote wawili: "Tuko!" Kazi yangu ilikuwa kunyamaza.

Tulilala katika nyumba ya zamani ya mlowezi Mbelgiji, nyumba ya mawe isiyo na milango wala madirisha, yenye chumba kimoja kikubwa ambamo kulibaki shimo la moto na alama nyeusi ukutani. Tulitandika majani makavu, tukalala tumebanana kwa sababu baridi ya Masereka haina mchezo. Ilimwonea zaidi Kambale wa Beni, aliyezoea joto la kwao. Alikuja na kikohozi, amejizungushia shingoni kipande cha kitenge cha mama yake, na sisi watoto wa Butembo tukamcheka mpaka tukachoka. "Mutu wa Beni, unavaa kitenge sasa? Tukutafutie bwana?" Yeye alitujibu: "Nyie mucheke tu. Kisha mutakuja kuniomba chakula." Kweli tulimwomba, kwa sababu Chef alimweka jikoni akae karibu na moto, na akawa mpishi wetu. Alipika viazi vya Masereka, maharage, kabichi, na siku moja moja sombe, majani ya muhogo aliyopanda nayo kutoka chini, na kila kitu kilikuwa kitamu kuliko cha kwetu nyumbani. Nasema hivi nikiwa mtu mzima ambaye amekula mahali pengi. Yule mtoto alijua kupika, na hakuna aliyemwambia.

Manati ndogo za kuulia ndege, zile za kijiti chenye panda na vipande viwili vya mpira, kila mmoja wetu alikuwa nayo mfukoni. Ile kubwa ilikuwa wazo langu. Chef alikuwa ametuambia kila timu ijenge kitu kwa miti na kamba tu, bila msumari; wengine wakajenga meza, wengine mlango wa kampi. Mimi nilikuwa nimeona katika kitabu cha fizikia mchoro wa wenzo, na kichwa changu kilikuwa moto. Kasereka alikuwa amekuja na mpira wa ndani wa tairi la lori, aliupata kwenye karakana ya mjomba wake, akidhani tutaogelea nao mtoni. Tukaukata vipande virefu. Tukasimika nguzo mbili za mkaratusi, tukafunga mti wa kulala katikati, na juu yake mkono mrefu ambao mwisho wake tulifunga bidoni ya mafuta, dumu lililokatwa nusu, la kukalia jiwe. Siku ya kwanza mkono ulivunjika na jiwe likaruka nyuma, likaangukia kabichi za jikoni. Kambale wa Beni alitoka na mwiko. "Mukitengeneza kitu, mutengeneze kitu ya kukula! Hii itatuuwa sisi wenyewe." Siku ya pili mti wa katikati ulikuwa unakwama na kulia, nikaenda kumwomba mafuta ya mawese ya kuupaka. Alinipa. Alinung'unika kwamba sombe ya Jumapili itakuwa kavu na tusimuulize, lakini alinipa. Huo ndio ulikuwa mchango wake wote katika ile kazi: mafuta kikombe kimoja. Hakushika kamba, hakuvuta mpira, hakuja hata kutazama, kwa sababu kukimbia kulimtia kikohozi.

Siku ya tatu manati ilirusha. Yesu wangu! Tulianza na viazi vilivyooza, na tulipovuta kijiti cha kufungulia, kiazi kilikwenda juu mpaka tukakipoteza machoni. Tulipiga kelele kama watu walioona fedha. Mimi, ambaye shuleni nilikuwa mtoto wa benchi la nyuma, nikaitwa fundi. "Fundi Kambale! Fundi Kambale!" Hata mama aliyetuletea maziwa kutoka bondeni alisimama kucheka, akauliza fundi ni nani, na watoto wakanisukuma mbele wakamwambia jina langu. Mpaka leo naweza kusema sikuwahi kuwa na furaha kama ile, na ndiyo inayoniudhi. Mtu angependa furaha yake kubwa iwe mahali safi. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na ghala la zamani la mbegu, tupu tangu mwaka uliopita, lenye paa la mabati. Tukaweka dau nani atalipiga. Kutwa nzima mawe yetu yaliangukia kwenye nyasi. Kesho yake mchana nilikaza mipira mwenyewe, nikachagua jiwe la ukubwa wa ngumi, nikavuta kijiti kwa mkono wangu huu. Lilikwenda, likakaa hewani muda mrefu, kisha tukasikia bati: gbaa! Tulikumbatiana. Tulikuwa bado tunacheza watu walipoanza kutoka ndani ya ghala wakikimbia, wadogo kwa umbali ule, na kabla hatujaelewa ni watu gani, wakapiga risasi. Askari walikuwa wamefika alfajiri, wamelala mle ndani, na hatukujua.

Hakuna aliyeumia. Tulilala chini kifudifudi mpaka ikanyamaza. Chef Katembo alikuja akitambaa, filimbi mdomoni kama aliyeisahau, akatuamuru tuibomoe manati na kutia miti yake jikoni. Jioni ile tulikula maharage yaliyopikwa kwa manati yetu. Hakuna aliyecheka. Chef alisema: "Wakiuliza, ni muchezo ya batoto, na hakuna mutu atataja jina ya mwenzake. Munasikia? Hakuna mutu." Tukasema tunasikia. Nilipumua. Nilidhani lile agizo lilikuwa ukuta wa kunificha, na kweli lilikuwa.

Walikuja asubuhi, saba au nane, tukiwa tumepanga mistari kwa ajili ya orodha. Mkubwa wao hakuwa mzee. Alikuwa kijana mwenye macho mekundu ya usingizi, na hilo lilinitisha kuliko bunduki. "Nani alitengeneza ile kitu?" Chef alipiga magoti, mtu mzima, mbele yetu. "Mukubwa, ni batoto. Balikuwa banacheza." "Banacheza na sisi?" Akazunguka mistari akitutazama mikono. "Mwanamuke ya maziwa amesema fundi yao ni Kambale." Kisha akapaza sauti kama mtu anayesoma orodha: "Kambale!" Na Kambale wa Beni, ambaye alikuwa ameinamia sufuria yake pembeni na hakusikia yote kwa sababu ya kikohozi na moshi, akajibu alivyojibu kila asubuhi. "Tuko!"

Askari walicheka. Yule mkubwa akamwita kwa Lingala, "Yaka!" Akaja, mwiko mkononi. "Ni weye fundi?" Sasa hapa nisikilizeni vizuri, maana miaka yote nimejitafutia uongo wa kujifariji na hapa ndipo uongo unapokwisha. Kulikuwa na nafasi. Si nafasi ndogo. Kambale wa Beni aligeuza kichwa akanitazama, bila hasira, anangoja tu, kama mtu anayemngojea mwenzake amalize kufunga kamba ya kiatu waende wote. Kasereka, aliyesimama pembeni yangu, naye alikuwa anangoja. Nilisikia pumzi yake. Mimi nilifanya hesabu kichwani. Nilijiambia: huyu hajui chochote, wakimuuliza maswali mawili wataona hajui, watamwachia, lakini mimi nikitoka wataniua. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote, mtoto wa vita aliyekuwa bado anaamini kwamba mtu asiye na kosa anaachiwa. Chef alisema, "Huyu ni mupishi, mukubwa, mupishi tu." Yule askari akasema: "Vizuri. Fundi na mupishi. Tunakosa wote wawili." Wakambebesha gunia la viazi vyetu kichwani. Alipofika kwenye ukingo wa uwanja akageuka, gunia likayumba, akaniambia mimi: "Kambale, angalia maharage, isiungue." Kisha wakashuka naye bondeni.

Yaliungua. Hakuna aliyekuwa na akili ya kuyaangalia. Chef aliwafuata askari mpaka ghalani, akarudishwa kwa kitako cha bunduki. Alifuata tena kesho yake, wakawa wameondoka. Baadaye mchuuzi mmoja alisema amemwona kijana anayekohoa akibeba masanduku upande wa Mabalako, msituni. Mwingine akasema hapana, alikuwa kijana mwingine. Tangu hapo sifuri. Hakuna kaburi, hakuna shati, hakuna mtu aliyesema nilikuwepo. Chef alikwenda Beni kumpasha mama habari, akamwambia yote isipokuwa jina, kisha akatuita mimi na Kasereka kando akasema: "Moja amekwenda. Sitapeleka wa pili." Aliacha ualimu mwaka ule ule.

Ungedhani mwisho ni huo. Mwanzo wa mwaka wa shule askari waliingia katika shule yetu Butembo, wakafanya madawati kuni, na Mama Kahindo akatuma ujumbe kwamba Beni wanasoma bado, na kwamba anaomba yule Kambale mwingine aje akae kwake, nyumba ina nafasi. Wazazi wangu waliona ni baraka. Mimi nilikosa neno la kukataa, maana neno la kukataa lilikuwa lile lile moja. Nikashuka Beni, nikapewa kitanda chake. Chumba kilikuwa kidogo, ukuta wa mbao, dirisha linatazama kiwanja walipoanika kakao ya jirani kwenye turubai, na ile harufu chachu iliingia mpaka kwenye shuka. Sare yake ya shule ilinipita urefu, mama alikaa mlangoni akaikunja suruali na kuishona, sindano mdomoni, akasema, "Tutaikunjua ukikua." Kaka yake mkubwa, Mumbere, aliyekuwa anabeba mizigo kwenye malori, alinitazama tu. Na chakula, ee Nyamuhanga, Mungu wetu, chakula! Bugali wa moto, makayabu, wale samaki wa chumvi, sombe yenye mawese kama ile ya kampi. Nilielewa mtoto yule alijifunza wapi. Kila nilipokula, mama aliniomba nimwambie habari zake. "Alikulaka nini siku ile? Alikuwa anavaa kitenge yangu? Batoto balimuchekaka?" Nikamwambia yote, mpaka neno lake la maharage, na akacheka akilia. Nilikuwa mzuri wa kusimulia. Nilizunguka lile shimo katikati kwa ustadi mpaka nikaanza kusahau kwamba lipo.

Siku moja nilirudi shuleni mapema, nimelala chumbani, mama akiwa nje anatwanga sombe na jirani yake, Mama Masika, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko. Kupitia mbao nilisikia: "Banasema alitengeneza ile kitu ni Kambale. Wako alikuwa anapika. Sasa ni Kambale gani?" Mama akasema, "Kambale ni bengi." "Ni bengi, ndiyo, lakini kwa ile kampi balikuwa bangapi?" Mchi ukaendelea: tu, tu, tu. "Dada, nakuambia kwa sababu nakupenda. Si huyu unalisha?" Mchi ukasimama. "Nyamaza," mama alisema. "Usiseme tena vile kwa nyumba yangu." Nililala pale mpaka waliposogea.

Jioni ile, jua likiwa bado kwenye mabati, aliniita jikoni. Alikuwa anasonga bugali, mgongo kwangu. "Kambale, nikuulize kitu moja, kisha sitauliza tena. Ule mutoto alitengeneza ile kitu, unamujua?" Hakukuwa na bunduki. Hakukuwa na askari. Kulikuwa na mwanamke mmoja na sufuria, na mlango wazi nyuma yangu. Uoga wa kule juu watu wanaweza kunisamehe, nilikuwa mtoto. Uoga wa jikoni ile sijui nani atausamehe. "Hapana, mama," nikasema. Aliendelea kusonga. Kisha akapakua, akaniwekea mimi kipande kikubwa cha samaki, kile cha Mumbere, akasema, "Basi. Kukula." Nilikaa kwake mpaka mwisho wa mwaka wa shule. Baadaye, kila Noeli, nilimpelekea sukari na kitenge, na akanitambulisha kwa wageni wake: "Huyu ni Kambale wangu." Sikumsahihisha. Mara ngapi nilipanda pikipiki nikisema leo namwambia! Nilifika, akapika, nikala, nikarudi Butembo nimeshiba.

Nilipofika safari hii alikuwa ameshazikwa. Kule Beni siku hizi hawakawii, watu wanataka kufika nyumbani kabla ya giza kwa sababu usalama hakuna. Watu walikuwa wamekaa kwenye mabenchi mbele ya nyumba wanangoja chakula cha matanga. Kasereka alikuwepo, mvi kichwa kizima. Alinishika mkono akasema kwa sauti ndogo, "Umusemeshe Mumbere. Mimi nimechoka." Nikamkuta Mumbere nyuma ya nyumba akipasua kuni, mtu wa karibu miaka hamsini, mgongo umeharibiwa na magunia. Nilisema nimesimama, haraka, kama mtoto anayesoma somo: kwamba ile manati niliitengeneza mimi, kwamba jiwe nilirusha mimi, kwamba aliponitazama nilinyamaza, na kwamba mama aliniuliza nikamdanganya.

Alimaliza kipande cha kuni alichokuwa nacho. Hakushangaa. "Ile siku ulimwambia hapana," alisema, "mama alitoka jikoni akanikuta hapa, hapa tu ninasimama. Akaniambia: 'Ni yeye. Hapana umuguse, hapana umuulize. Akisema ukweli atakwenda kwabo, na mi nitabakia bila Kambale hata moja.' Akaniapisha kwa Bikira Maria. Nilikuwa na miaka makumi mbili. Nilikuwa na panga. Kila Noeli ulikuja na sukari yako, na nilikunywaka ile chai." Akaegemeza shoka kwenye ukuta. "Amekufa sasa. Kile kiapo kimeisha naye. Lakini kukuuwa sina tena nguvu, na kukusamehe si mimi ulikosea. Weye ulichelewa kwa yote mawili."

Nilisema, "Kaka Mumbere." Akainua mkono, mkono mchovu tu.

"Kwenda ukule," akasema. "Batu basiseme nyumba ya mama ilimufukuza mutu na njaa. Ukimaliza, urudie Butembo, na hapana nikuone tena hapa."

Nikarudi mbele. Kasereka alikuwa amenitunzia nafasi kwenye benchi, na mke wa Mumbere, ambaye hakujua lolote, alinipa sahani akiniita Kambale wa mama. Nilikula bugali wote na sombe yote, watu wakitazama, kisha nikasimama kutafuta pikipiki.